Gandhi alivyoizoea London

Mohandas Gandhi alitua London mwaka wa 1888 kusomea uanasheria, akiwa amemwapia mamake kwamba hatagusa nyama, pombe wala wanawake. Alikopanga aliinuka mezani bado ana njaa, hadi siku alipogundua mkahawa usiouza nyama katika barabara ya Farringdon. Akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kisha akataka kufanana na wenyeji: suti ya pauni 10 kutoka Bond Street, masomo ya dansi, hata fidla. Baada ya kama miezi mitatu akaona anachoma hela bure. Akahamia chumba cha bei nafuu, akawa anajipikia na kutembea kwa miguu.

Marafiki hakuwakosa: wenzake wasiokula nyama walimwingiza kwenye kamati ya chama chao. Mnamo 1891 alirudi India wakili kamili, nyama hajaionja.