Elisha Otis: Kinu kilimshinda, lifti ikampa jina

WAGENI wengi wanaopanda lifti hotelini hawajui kwamba usalama wao ulibuniwa na mtu aliyeshindwa na biashara moja baada ya nyingine.

Elisha Graves Otis alizaliwa Agosti 3, 1811 huko Vermont, Marekani, mtoto wa mkulima. Alijenga kinu cha kusaga nafaka kando ya mto, lakini mapato hayakutosha. Akakigeuza kuwa kiwanda cha kupasua mbao, nacho hakikulipa. Akaunda mikokoteni ya farasi. Kisha akafiwa na mkewe, akabaki na watoto wawili wa kiume.

Mjini Albany aliajiriwa katika kiwanda cha vitanda, akabuni mashine iliyoharakisha kazi ya kuchonga mbao zake. Baadaye alifungua karakana yake iliyoendeshwa kwa maji ya kijito, ila jiji likayachukua maji hayo kwa matumizi ya wakazi. Mwenye mashine ya kukoboa inayotegemea mfereji anajua hasara ya namna hiyo.

Mwaka 1852, mjini Yonkers, alihitaji kupandisha mizigo ghorofani. Winchi za kupandishia mizigo zilikuwapo tangu zamani, ila kamba ikikatika kila kitu kilianguka. Otis aliweka springi ya mkokoteni juu ya jukwaa. Kamba ikivuta, springi inapinda. Ikikatika, springi inatanuka na kunasa kwenye meno ya nguzo za pembeni. Fundi yeyote wa mikokoteni angeweza kuitengeneza.

Wanunuzi hawakumiminika. Alikuwa akifikiria kwenda California kutafuta dhahabu pale mwenye kiwanda cha samani alipoagiza lifti mbili. Mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, alipanda jukwaani mbele ya umati, kamba ikakatwa, na jukwaa likanasa. Machi 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria, ya mvuke, ilifungwa katika duka la Haughwout la ghorofa tano.

Hoteli ya Fifth Avenue ya New York ilipofunguliwa mwaka 1859, lifti yake ilikuwa ya parafujo kubwa, kazi ya Otis Tufts, mtu mwingine kabisa. Ilikuwa salama lakini nzito na ya gharama, na baadaye iling'olewa ikawekwa ya kamba. Lifti ndizo zilizogeuza bei za vyumba: kabla yake ghorofa za juu zilikuwa za bei rahisi, kwani nani alipe zaidi ili apande ngazi na mizigo?

Otis hakuvuna faida hiyo. Alikufa kwa dondakoo Aprili 8, 1861, biashara ikiwa bado changa. Wanawe, Charles na Norton, waliiendeleza, na mwaka 1889 kampuni yao ilifunga lifti katika miguu ya Mnara wa Eiffel, Paris. Leo hoteli kongwe zinapokarabatiwa, mafundi hubadilisha mota, kamba na mitambo ya kuongozea, wakati mwingine wakiacha milango ya urembo wa zamani. Breki ya kunasa reli lazima iwepo.