Adolf Siedentopf: Mlowezi aliyeigeuza Kreta ya Ngorongoro kuwa shamba la ng'ombe

UKISHUKA ndani ya Kreta ya Ngorongoro na kuelekea upande wa kaskazini, mahali ambapo mto Munge unaingia bondeni ukitokea mlima Olmoti, yapo mabaki ya kuta za nyumba ya zamani. Madereva wa watalii huwaonyesha wageni wao kwa haraka, kisha hao wanakimbilia faru. Ni wachache wanaoelezwa kwamba hapo palikuwa na shamba la mifugo, tena la mtu aliyekuwa na mkataba halali wa serikali mkononi.

Mtu huyo ni Adolf Siedentopf, Mjerumani aliyeingia Ngorongoro katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakati Tanganyika ikiwa sehemu ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Ndugu yake, Friedrich Wilhelm, naye alifungua shamba humo humo ndani ya kreta, upande wa kusini karibu na msitu wa Lerai. Kwa hiyo mmoja alikaa kwenye maji ya kaskazini, mwingine kwenye maji ya kusini, na katikati yao kukawa na ziwa la magadi na malisho yasiyokwisha.

Mfugaji yeyote akisimama ukingoni na kuangalia chini ataelewa mara moja kilichomvutia Adolf. Sakafu ya kreta ina ukubwa wa kilometa za mraba 260 hivi. Iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo hali ya hewa ni ya ubaridi. Maji yapo ya mito na ya chemchemi, ikiwamo ile ya Ngoitokitok ambayo watalii hulia chakula pembeni yake. Chumvi ya mifugo ipo bure ardhini. Na pande zote kuna ukuta wa asili wenye kimo cha mita 600 hivi, uzio ambao hakuna mfugaji angeweza kuujenga hata kwa fedha za benki nzima.

Ardhi yenye wenyewe

Hata hivyo, bonde hilo halikuwa pori lisilo na mtu. Karibu na Munge kuna makaburi ya kale yaliyofunikwa kwa marundo ya mawe. Mtaalamu wa Kijerumani Hans Reck, yule aliyeongoza uchimbaji wa Olduvai mwaka 1913, aliyafukua baadhi yake, na ikajulikana kuwa wafugaji walikuwa wakizika watu wao humo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Baadaye walikaa Wadatoga, ambao bado wanaliheshimu eneo la Lerai kwa sababu ya wazee wao waliozikwa huko. Katika karne ya 19 Wamasai waliwashinda na kulitwaa bonde.

Siedentopf alikuta Wamasai hao wakiwa wameanguka vibaya. Miaka michache kabla, sotoka ilikuwa imepita Afrika Mashariki na kufagia ng'ombe karibu wote. Mwaustria Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kufika ndani ya kreta, aliingia humo Machi 1892 akakuta watu wamebaki mifupa na ngozi, wanawake na watoto wakiomba chakula kwa msafara wake. Ndui nayo ilikuwa ikiua. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake hana nguvu ya kulinda malisho, na ndivyo ilivyokuwa.

Upande wa sheria nao ulikuwa umeshatengenezwa. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani alikuwa mwenyewe, na kwa ushahidi gani, hilo liliamuliwa na ofisa wa serikali. Malisho ya Wamasai, ambayo huachwa kwa msimu na kurudiwa kwa msimu mwingine, machoni pa ofisa yalionekana matupu. Kwa njia hiyo serikali ikapata ardhi ya kumkodisha Siedentopf. Baadaye ikaanzisha pia hifadhi ya Wamasai kusini ya barabara ya Arusha na Moshi, na kutaka wahamie huko.

Wengi walikwenda, lakini wengine walibaki katika nyanda za juu za Ngorongoro, na malisho waliyoyazoea yakawa na Mjerumani. Haishangazi kwamba wizi wa ng'ombe ulikuwa sehemu ya maisha ya shamba hilo. Kwa mlowezi ulikuwa wizi. Kwa kijana wa Kimasai ambaye baba yake alifilisika kwa sotoka, ilikuwa njia ya kurudisha zizi.

Vita na nyumbu

Adui mkubwa zaidi wa ng'ombe wa Siedentopf hakuwa moran wala simba. Alikuwa nyumbu. Ndani ya kreta walikuwako maelfu kwa maelfu, wakila majani yale yale na kunywa maji yale yale. Ndugu hao wawili waliamua kuwafukuza. Watu walipangwa kuwaswaga kundi kwa kundi ili wapande ukuta na kutoka nje. Walifanya hivyo zaidi ya mara moja, na nyumbu hawakuisha. Kreta inaonekana kama bakuli lililofungwa, lakini wanyama wana njia zao za kupanda na kushuka ambazo wamezitumia kabla ya binadamu yeyote kuchimba kaburi pale Munge.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana suala hili linawahusu wafugaji wa Ngorongoro na Loliondo hata sasa. Kugombania majani ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Nyumbu jike huzaa kati ya Januari na Machi, na ndama wake hubeba kirusi ambacho hakimdhuru yeye wala mama yake. Hukitoa kwa machozi na kamasi, kikabaki kwenye majani. Ng'ombe akikila anapata homa kali, macho yanageuka meupe, pua inatoa usaha, na karibu kila anayeugua hufa. Hakuna dawa ya kumponya. Wamasai waliujua ugonjwa huo wa nyumbu kwa vizazi, na ndiyo sababu huondoa mifugo kwenye nyanda za chini msimu wa kuzaa na kuipandisha milimani. Wataalamu walichelewa. Ni mwaka 1960 ndipo Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alipokitenga kirusi hicho kutoka kwa nyumbu na kuthibitisha walichokuwa wakikisema wafugaji.

Adolf alikaa ndani ya bonde mwaka mzima, na ng'ombe wake pia. Mfumo wa Wamasai wa kuhama ulikuwa chanjo yao. Mkataba wa kukodi shamba lenye mipaka ulimnyima kinga hiyo, na hapo kuna kichekesho chenye uchungu: wale waliokuwa na ujuzi aliouhitaji ndio waliotakiwa wahame ili yeye apate nafasi.

Kulikuwa pia na uwindaji. Ndugu hao walikuwa wakiwaalika Wajerumani wenzao kuja kupiga wanyama, na inasimuliwa kwamba ndimi za nyumbu zilitayarishwa ili ziuzwe Ulaya. Mnyama mzima kuuawa kwa ajili ya ulimi wake ni biashara inayoshangaza, lakini ukipiga hesabu ya usafiri utaona ilikotoka. Nyama nzima isingefika popote.

Soko liko wapi?

Kutoka kreta hadi Arusha ni kilometa kama 180. Leo lori la vitunguu la Mang'ola au la ngano ya Karatu linaumaliza mwendo huo kwa saa chache, barabara ya lami ikiwa imefika hadi lango la Ngorongoro. Siku za Siedentopf kulikuwa na gari la kukokotwa na maksai. Kwanza ni kupanda ukuta wa kreta, kisha kuvuka nyanda za Karatu, kisha kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu penye malaria, halafu nyika kavu hadi Arusha. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa siku ni siku tisa, bila gurudumu kuvunjika. Likivunjika, mafundi wa chuma waliokuwa jirani ni Wadatoga wa upande wa ziwa Eyasi, ambao hadi leo hufua vichwa vya mishale, visu na bangili.

Na Arusha yenyewe haikuwa soko kubwa. Ilikuwa boma la jeshi lililojengwa mwaka 1900, na pembeni yake walowezi wachache, wakiwamo Makaburu waliokimbilia huko baada ya vita yao na Waingereza. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1912. Arusha iliingojea hadi 1929. Kwa hiyo ng'ombe wa Ngorongoro ilibidi atembee zaidi ya kilometa 250 kabla ya kusikia honi ya treni, akipita maeneo ya ndorobo na kupe, akikonda kila hatua. Aliyenunua mwisho wa safari hiyo alinunua kwa bei yake.

Ndiyo maana walowezi wa kaskazini walitafuta kitu chepesi chenye thamani kubwa. Manyoya ya mbuni yalikuwa kitu hicho, na mbuni hutajwa katika masimulizi ya shamba la Siedentopf. Wanawake wa Ulaya waliyavaa kwenye kofia, na mwaka 1913 manyoya yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoiingizia Afrika Kusini fedha nyingi zaidi baada ya dhahabu, almasi na sufu. Mwaka uliofuata bei ilianguka kabisa. Mitindo ilibadilika, magari ya wazi yakafanya kofia kubwa ziwe usumbufu, na vita ikamaliza kilichobaki. Wengine walijaribu kufuga pundamilia ili wavute magari badala ya farasi, kwa kuwa farasi hufa upesi kwa nagana. Pundamilia hafi kwa nagana, lakini hana subira ya kazi. Jaribio hilo lilifanywa pia karibu na Kilimanjaro kwa mtaji mkubwa, likashindwa.

Serikali iliyompa mkataba yaondoka

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi na Arusha, na utawala wa Kijerumani wa kaskazini ukaisha. Mali za Wajerumani zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, kisha zikakodishwa au kuuzwa kwa wengine. Mashamba ya akina Siedentopf yalikuwa miongoni mwake. Mkataba waliopewa na dola ya Kijerumani haukuwa na wa kuutetea.

Waliofuata nao hawakufanya ufugaji wa maana. Kapteni Hurst, Mwingereza, alikaa kwenye nyumba ya Adolf mwanzoni mwa miaka ya 1920, na aliuawa na tembo. Shamba likaingia mikononi mwa Sir Charles Ross, tajiri wa Uskochi aliyebuni bunduki ya Ross, ile ambayo wanajeshi wa Kanada walikwenda nayo vitani Ufaransa wakailalamikia kwa kukwama kwenye matope. Ross alivutiwa na wanyama kuliko ng'ombe.

Jina la Siedentopf lakini lilibaki kwenye sheria. Mwaka 1928 serikali ya Kiingereza ilipopiga marufuku uwindaji ndani ya ukingo wa kreta, iliyaacha nje yaliyokuwa mashamba ya ndugu hao, kwa kuwa yalikuwa na hati ya mtu binafsi. Swala akivuka mstari mmoja alikuwa salama, akivuka mwingine alikuwa kitoweo.

Karatu na Oldeani mambo yalijirudia. Wajerumani waliporuhusiwa kurejea kuanzia mwaka 1925, baadhi yao walifungua mashamba ya kahawa kwenye miteremko hiyo. Kahawa ilikubali, na ilikuwa nyepesi kusafirisha kuliko ng'ombe. Mwaka 1939 vita ya pili ikaanza, nao wakakamatwa na mashamba yakachukuliwa tena na msimamizi wa mali za adui.

Wamasai walirudi ndani ya kreta baada ya Wajerumani kuondoka. Mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa na Hifadhi ya Serengeti, sheria iliwaruhusu kuishi humo na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi kwenye sakafu ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote. Kiliruhusiwa tena 1992, kikakatazwa tena 2009. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na mjadala kuhusu nani mwenye haki ya malisho ya Ngorongoro umefika mahakamani na bungeni.

Pale Munge kuta za Adolf zimezama kwenye majani. Msimu wa kuzaa ukifika, nyumbu hupita katikati yake na ndama wao.