Jenerali Butterfield: Vita Alishinda, Fedha Zikamshinda

Jenerali Daniel Butterfield alizaliwa tarehe 31 Oktoba, 1831, huko Utica, jimbo la New York, Marekani. Hakupitia chuo cha kijeshi. Alikuwa mfanyabiashara hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861.

Tarehe 27 Juni, 1862, katika mapigano ya Gaines's Mill, alijeruhiwa, lakini aliitwaa bendera ya kikosi na kuwahimiza askari waliosalia wasirudi nyuma. Kwa ushujaa huo alitunukiwa Nishani ya Heshima mwaka 1892. Julai, 1862, akiwa kambini pamoja na mpiga tarumbeta wake, alitengeneza mlio wa kuzimia taa wenye sauti 24. Mwaka 1863 akawa Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Potomac, akajeruhiwa tena huko Gettysburg.

Baada ya vita alipewa dhamana ya Hazina ya serikali mjini New York. Mwaka huohuo, 1869, alihusishwa na njama ya walanguzi wa dhahabu, akajiuzulu kwa fedheha.

Alifariki mwaka 1901. Mlio wake hupigwa hadi leo katika maziko ya askari wa Marekani. Mwenye kuvaa sare na akumbuke: dhamana ya umma hulindwa kama bendera.