Idi Amin: Nduli ambaye sinema ilimgeuza zimwi

MNAMO Mei 24, 1978, ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Uganda kuelekea Nairobi ililipuka ikiwa juu ya vilima vya Ngong, katika iliyokuwa Wilaya ya Kajiado. Hakuna aliyenusurika. Miongoni mwa waliofariki alikuwa Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa Waziri wa Kilimo katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, ambaye saa chache kabla ya hapo alikuwa amekutana na Rais wa Uganda, Jenerali Idi Amin Dada.

Tangu siku hiyo imesimuliwa mara nyingi kwamba bomu lilifichwa ndani ya kichwa cha simba kilichokaushwa, zawadi ambayo McKenzie alikabidhiwa alipokuwa akiagana na wenyeji wake. Inaaminiwa pia kwamba hicho kilikuwa kisasi cha Amin kwa mchango wa McKenzie katika uvamizi wa uwanja wa ndege wa Entebbe miaka miwili awali. Kwa wafugaji wa Ngong na wale wa nyanda za Kitengela, ambako vilima hivyo huonekana vizuri mbingu zinapokuwa safi, utawala wa Amin ulikuwa umeacha kuwa habari za redioni. Ulikuwa umewaangukia kutoka angani.

Haukupita muda mrefu kabla ya jina hilo kuwarudia wakazi wa maeneo hayo kwa njia nyingine. Amin alipinduliwa Aprili 1979. Hata mwaka mmoja haukuwa umekwisha wakati kamera zilipoanza kuzunguka nchini Kenya zikirekodi filamu juu ya maisha yake. Filamu hiyo, Rise and Fall of Idi Amin, ilitolewa mwaka wa 1981 chini ya mwelekezi Sharad Patel. Haikuwa na fedha za kujivunia kama filamu kubwa za Hollywood. Ilichokuwa nacho ni mwigizaji Mkenya, Joseph Olita, ambaye kwa umbo na sura alikaribiana mno na Amin, pamoja na hadithi ya kuogofya ambayo ulimwengu ulikuwa na hamu ya kuitazama.

Ndani ya filamu hiyo mtazamaji huonyeshwa vichwa vya binadamu vikiwa vimehifadhiwa kwenye jokofu, na Amin akila nyama ya mtu. Baadaye ilisambaa kwa kanda za video, na hadi leo wapo watu wazima ambao, ukiwatajia Idi Amin, jambo la kwanza watakalokuambia ni kwamba alikula watu.

Je, ni kweli? Ili kulijibu swali hilo, sharti tuyarejelee maisha yake yenyewe.

Mwaka aliozaliwa Amin haujulikani kwa hakika, ingawa wengi hutaja 1925 au miaka michache baadaye. Wapo wanaosema alizaliwa Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wapo wanaotaja Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa, na mama yake, Mlugbara, alifahamika kwa uganga wa mitishamba. Kijana huyo hakupata elimu ya kutajika. Mwaka wa 1946 alijiunga na jeshi la wakoloni la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, akianzia kazi za jikoni.

Jikoni hakukaa. Alikuwa na kimo cha kutisha, nguvu za ajabu na utiifu ambao maafisa wa Kiingereza waliupenda. Kwa karibu mwongo mmoja alikuwa bingwa wa ndondi nchini Uganda. Katika miaka ya 1950 alihudumu Kenya, akiwa miongoni mwa askari waliotumwa kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Kwa hivyo Kenya ilimjua Amin mapema sana, akiwa amevaa sare za Malkia.

Mwaka wa 1962, Uganda ikikaribia uhuru, Amin alikuwa tayari mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha afisa kamili. Mwaka huohuo kikosi alichokiongoza kilipelekwa kuzima wizi wa mifugo katika mpaka wa Turkana. Operesheni hiyo ilipokwisha, maiti zilifukuliwa, na ikadaiwa kwamba baadhi ya Waturkana waliteswa na wengine kuzikwa wangali hai. Wakuu wa kikoloni walitaka hatua kali. Milton Obote, aliyekuwa akijiandaa kuiongoza Uganda huru, aliona haifai kumfungulia mashtaka mmoja wa maafisa wachache Waafrika siku za mkesha wa uhuru. Amin alikaripiwa tu.

Ni kisa ambacho filamu hazikipi uzito, lakini pengine ndicho ufunguo wa yote yaliyofuata. Kabla ya Amin kuwa zimwi, alikuwa afisa aliyetuhumiwa mauaji, na wakubwa wake wakaamua kwamba bado wana haja naye.

Haja hiyo ilionekana wazi Mei 24, 1966. Obote alimtuma Amin kushambulia kasri la Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo. Kabaka alitorokea ng'ambo na Amin akazidi kupanda ngazi. Sadfa iliyoje kwamba miaka 12 baadaye, tarehe iyo hiyo, ndege ya McKenzie ingelipuka juu ya Ngong.

Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa serikali. Umati ulijaa katika barabara za Kampala kushangilia. Uingereza haikukawia kumtambua. Miongoni mwa majirani, Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania ndiye aliyekataa katakata kuketi naye meza moja, akampa Obote hifadhi. Watanzania ndio waliomwita nduli, jina ambalo limemganda hadi leo.

Mauaji hayakuchelewa. Yalianza kambini, ambako askari wa Acholi na Lango, makabila yaliyohesabiwa kuwa ya Obote, waliuawa kwa mamia mwaka huohuo wa 1971. Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini, na makumi ya maelfu wakafunga virago. Septemba mwaka huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mchana kweupe katika majengo ya mahakama, asionekane tena. Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, naye alitoweka mwaka huohuo.

Tutambue namna watu hao walivyotoweka. Amin hakuwa akizunguka usiku na kisu mkononi. Alikuwa na ofisi. Idara ya Utafiti wa Serikali, yenye makao makuu Nakasero, ilikuwa na wafanyakazi waliolipwa mshahara, magari yenye nambari za usajili zilizoanza kwa herufi UVS, na vyumba vya kuhojia watu. Polisi wa Usalama wa Umma walikuwa Naguru, na polisi wa kijeshi walikuwa Makindye. Mtu alichukuliwa kazini au nyumbani na wanaume waliovaa miwani myeusi, akatiwa katika buti ya gari, na mkewe akabaki kuzunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine akiuliza.

Malalamiko yalipozidi, Amin mwenyewe aliunda tume mwaka wa 1974 chini ya Jaji Mohamed Saied ichunguze watu waliotoweka. Tume ilisikiliza mashahidi na kukiri kwamba vyombo vya usalama vilihusika. Hakuna kilichobadilika.

Sasa tulirudie swali la kula watu. Shahidi anayetajwa zaidi ni Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Amin kabla ya kutoroka mwaka wa 1977 na kuandika kitabu juu ya utawala huo. Kyemba alieleza kwamba Amin aliwahi kujigamba mbele ya wengine kuwa amekula nyama ya binadamu, na kwamba mara kadhaa alitaka aachwe peke yake na maiti katika mochari. Ushahidi huo si wa kupuuzwa, kwa kuwa unatoka kwa mtu aliyekuwa karibu naye. Hata hivyo, Kyemba hakusema kwamba alimwona akila. Kujigamba kwa mtu aliyependa kuwatisha wageni wake ni jambo moja, na kitendo ni jambo jingine. Hakuna mahakama iliyowahi kulipima dai hilo.

Mfano wa Kay, mmoja wa wake zake, unatufunza tahadhari. Agosti 1974 mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwakatwa ndani ya gari. Habari hiyo ilienea duniani, na wengi wakakata kauli kwamba Amin ndiye aliyemchinja. Lakini Kyemba, ambaye hakuwa na sababu ya kumtetea Amin, aliandika kwamba Kay alifariki katika operesheni ya siri ya kutoa mimba, na kwamba si Amin aliyemkata viungo. Palipokuwa na maswali, uvumi ulikuwa umeshatoa hukumu.

Kwetu Kenya, hofu haikuhitaji uvumi. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda. Wakenya waliandamana kwa hasira, na serikali ya Mzee Kenyatta ikaibana mizigo ya Uganda iliyotegemea bandari ya Mombasa. Miezi mitano baadaye, usiku wa kuamkia Julai 4, makomando wa Israeli walivamia Entebbe kuwaokoa abiria wa ndege ya Air France iliyotekwa nyara, kisha ndege zao zikatua Nairobi kujaza mafuta. Amin alilipiza kisasi kwa Wakenya walioishi Uganda, na wengi wao waliuawa. Mateka mmoja mkongwe, Dora Bloch, aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala, alitolewa kitandani na kuuawa.

Miaka hiyo ndiyo Waganda waliofunika vichwa na kuvuka mpaka wa Busia na Malaba kwa wingi. Wengi walikuwa walimu, na shule nyingi za upili za Kenya, hata zile za mashambani, zilifaidi elimu yao. Wanafunzi wao wangeweza kusikia habari za Amin kutoka vinywani mwa waliomkimbia, kabla ya filamu yoyote kutengenezwa.

Februari 16, 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kuwa walikufa katika ajali ya barabarani. Hakuna aliyeamini. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda.

Mwisho wa Amin ulianzia Kagera. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Tanzania, na Nyerere akaamua kwamba imetosha. Wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala Aprili 11, 1979. Amin alikimbilia Libya, na hatimaye Saudi Arabia, ambako aliishi kwa utulivu katika mji wa Jeddah. Alifariki huko Agosti 16, 2003, akazikwa bila kuwahi kusimamishwa kizimbani hata siku moja.

Idadi ya waliouawa katika miaka yake minane haijulikani kikamilifu. Makadirio ya wanasheria wa kimataifa huanzia watu 80,000 na kufika 300,000, na wengine hutaja hadi 500,000.

Baada ya filamu ya Patel zimekuja nyingine. Olita aliigiza tena kama Amin katika Mississippi Masala ya mwaka wa 1991, na akafariki mwaka wa 2014 akiwa bado anakumbukwa kwa sura hiyo. Mmarekani Forest Whitaker alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka wa 2006. Lakini ni filamu ile ya kwanza, ya gharama ndogo, iliyopigwa picha katika ardhi yetu huku damu ikiwa haijakauka, iliyoitia picha ya mla watu katika fikira za kizazi kizima.

Haifai kuibeza. Ilitengenezwa wakati ambapo ulimwengu ulihitaji kuamshwa, na hata mwandishi Mwingereza Denis Hills, aliyehukumiwa kifo na Amin mwaka wa 1975 kisha akaachiliwa, alikubali kuigiza ndani yake kama yeye mwenyewe. Kosa halimo katika kutisha. Lau ingeonyesha ukweli mtupu, ingetisha zaidi.

Katika ngano zetu zimwi hula watu kwa sababu ni zimwi. Halina aliyeliajiri, halina karani wala dereva, na likishauawa hadithi imekwisha na watoto wanakwenda kulala. Amin hakuwa hivyo. Alifunzwa na jeshi la wakoloni, akafunikiwa makosa na wanasiasa waliomhitaji, akatambuliwa na mataifa makubwa, akatumikiwa na mamia ya watu waliokwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kumwita mla watu ni kuwasamehe wote hao kwa neno moja.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Waganda walijua tofauti. Nduli wao aliwajua kwa majina, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa katika faili za Nakasero. Na kila vilima vya Ngong vinapoonekana kutoka Kitengela, inafaa tukumbuke kwamba waliofia huko juu, kama maelfu waliofia ng'ambo ya mpaka, walikufa katika mambo yaliyopangwa na binadamu wenye akili timamu. Hao ndio wa kuogopwa.