John T. McCutcheon: Mchora Vibonzo vya Vita Aliyepita Juja

Msafiri anayetoka Kahawa kuelekea Thika leo hupita Ruiru na Juja akiwa amezingirwa na majumba ya kukodisha, maduka na malango ya vyuo. Si rahisi kuamini kwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini sehemu hii ilijulikana Chicago kuwa uwanda wa simba na vifaru. Miongoni mwa waliochangia kuijenga sura hiyo ni John Tinney McCutcheon, mmoja wa wachora vibonzo mashuhuri zaidi wa Marekani wa wakati wake. Makala haya yanadhamiria kuyapitia maisha yake kwa jicho moja tu, nalo ni namna alivyokichora mahali. Sisi wa fasihi tumezoea kuhakiki mandhari ya riwaya na tamthilia. Kibonzo nacho kina mandhari yake, na wakati wa vita mandhari hayo hubeba hoja nzito kuliko maneno yaliyoandikwa chini ya mchoro.

McCutcheon alizaliwa tarehe 6 Mei 1870 katika jimbo la Indiana, nchi ya mashamba ya mahindi. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka wa 1889, akahamia Chicago na kuanza kuchorea magazeti. Kaka yake, George Barr McCutcheon, alikuja kuwa mwandishi wa riwaya aliyepata umaarufu kwa kubuni nchi nzima isiyokuwako, Graustark. Si ajabu basi kwamba nyumba moja ilitoa ndugu wawili walioshughulishwa na nchi za mbali, mmoja akizibuni, mwingine akizifuata.

Alianza kuzifuata mwaka wa 1898. Alikuwa mgeni ndani ya meli ya serikali ya Marekani iitwayo McCulloch, iliyokuwa katika safari ndefu ya kuelekea upande wa pili wa dunia, vita kati ya Marekani na Uhispania vilipozuka. Hivyo akajikuta katika Ghuba ya Manila, Ufilipino, tarehe 1 Mei 1898, akishuhudia manowari za Kihispania zikiteketezwa. Mwaka wa 1900 alikuwa Afrika Kusini katika vita vya Makaburu. Tangu hapo tofauti yake na wenzake wengi ilikuwa dhahiri: wao walichora vita wakiwa wameketi mezani, wakiitazama ramani, yeye alikuwa ameukanyaga udongo.

Hata hivyo, ramani aliijua na aliitumia kwa ustadi. Mwaka wa 1903 alijiunga na gazeti la Chicago Tribune, alikodumu kwa zaidi ya miaka 40. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1904, jimbo la Missouri, ambalo kwa muda mrefu lilipiga kura pamoja na majimbo ya Kusini, lilimchagua Theodore Roosevelt. McCutcheon aliyageuza majimbo kuwa watu na kuichora Missouri kama mgeni asiyetarajiwa aliyejiunga na safu ya majimbo ya Kaskazini. Hiyo ni tashihisi, mbinu tunayoifunza kidato cha tatu, na ndiyo mbinu kongwe zaidi ya vibonzo vya kisiasa na vya vita: nchi hupewa mwili, kofia na masharubu, ikapigana, ikalia au ikaiba. Ubora wake ni kwamba msomaji huelewa papo hapo. Dosari yake ni kwamba nchi ikishapewa mwili mmoja, wakazi wake hutoweka ndani ya mwili huo.

Mnamo Septemba 1909 McCutcheon aliwasili Mombasa akiandamana na Carl Akeley, mtaalamu wa kuhifadhi wanyama kwa ajili ya makumbusho, na mkewe Delia. Huko Nairobi alipanda puto lililoletwa na mchapishaji mwenzao wa Chicago, W. D. Boyce, aliyenuia kuwapiga picha wanyama kutoka angani. Kutoka juu Chicago haionyeshi watu, na uwanda wa Athi haukuwaonyesha pia. Kisha msafara ulishika njia ukiwa na watu zaidi ya mia moja: wapagazi, askari, wabeba bunduki, wasaidizi wa hema na mpishi aliyeitwa Abdullah. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1910 ilimlazimu aeleze maana ya neno safari, kwani wasomaji wake wengi walikuwa hawajalizoea. Wanaoandika tasnifu kuhusu maneno ya Kiswahili yaliyohamia Kiingereza wangefanya vyema kukipekua kitabu hicho.

Msafara ulifika Mto Tana, mbele ya Thika, kisha ukaelekea magharibi hadi nchi ya Mlima Elgon, ambako walikutana na Roosevelt mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kuacha urais. McCutcheon alifika pia Juja, katika shamba la William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa St. Louis, katika jimbo lilelile la Missouri. Roosevelt alikuwa amekaa hapo mwezi Mei mwaka huohuo. Mgeni alistaajabia taa za umeme na magari katikati ya nyika, na simba waliofukuzwa kwa gari la farasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu bila kipimo. Katika kitabu chake wanyama wamepewa haiba. Kongoni, nyumbu, twiga na pundamilia wanatambulishwa mmoja mmoja kama wahusika wa mchezo wa kuchekesha. Wapagazi, isipokuwa wachache kama Abdullah, wanabaki kundi. Nchi yenyewe inaonekana tupu, kana kwamba iliumbwa hivyo. Ukweli ni kwamba katika miaka ya 1890 maradhi ya mifugo, ndui na njaa viliwapunguza sana Wakikuyu wa kusini na Wamaasai, na Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka wa 1902 ikafungua mlango wa kugawia walowezi ardhi iliyoonekana kuwa haina wenyewe. Mchora vibonzo hakuitunga sheria hiyo. Lakini aliyeiona michoro hiyo akiwa Chicago hangekuwa na sababu ya kuuliza wenye nchi walikuwa wapi.

Miaka mitano baadaye aliichora ardhi kwa jicho jingine kabisa. Mwaka wa 1914 alipitia Veracruz, Mexico, iliyokuwa imetekwa na majeshi ya Marekani, kisha akavuka hadi Ubelgiji majeshi ya Ujerumani yalipoivamia. Yeye na waandishi wenzake walizuiliwa na Wajerumani na kupelekwa Aachen. Kutokana na vita hivyo alitoa kazi yake ya vita inayokumbukwa zaidi, iitwayo Rangi. Ndani yake hakuna nchi yenye masharubu wala jemadari. Kuna shamba tu, linalobadilika rangi kutoka wakati wa amani hadi vita na yanayofuata vita. Mtoto wa mkulima wa Indiana alilijua shamba, na alijua kwamba shamba lina mwenyewe. Ndiyo maana mchoro ule unauma.

Wakati huohuo vita vilikuwa vimefika huku. McMillan alivaa sare na kupigana dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Vijana wa Kiambu na Murang'a walichukuliwa kwa maelfu, hasa mwaka wa 1917, kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Jina la Kariokor jijini Nairobi ni kumbukumbu yao. Walikuwa wapagazi kama wale wa mwaka wa 1909, ila safari hii ilikuwa ya kifo. Shamba la Ubelgiji lilipata mchoraji mashuhuri. Mashamba waliyoyaacha wabeba mizigo hawa hayakumpata.

Mwaka wa 1916 McCutcheon alinunua kisiwa kidogo karibu na Nassau, Bahamas, na mwaka uliofuata akamwoa Evelyn Shaw. Alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1932 kwa kibonzo cha kindi anayemhoji mtu aliyepoteza akiba yake benki ilipoanguka. Kabla ya Desemba 1941 gazeti lake lilipinga Marekani kuingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na kalamu yake haikwenda kinyume na msimamo huo. Kuanzia mwaka wa 1921 aliongoza chama kilichoanzisha bustani ya wanyama ya Brookfield, karibu na Chicago, iliyofunguliwa mwaka wa 1934. Wanyama aliowawinda na kuwachora wakawa sasa na makao mjini kwao.

McMillan alifariki mwaka wa 1925 akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk, unaoonekana wazi ukiwa Thika siku isiyo na ukungu. McCutcheon alifariki tarehe 10 Juni 1949, na kumbukumbu za maisha yake zikachapishwa mwaka uliofuata. Wakati huo Juja ilikuwa nchi ya mkonge na kahawa, na vibarua waliovuna humo walikuwa bado hawajaingia katika mchoro wa mtu.