Thelonious Monk: Mpiga piano aliyekubali kusota miaka sita kuliko kumuuza rafiki

UKIMSIKILIZA Thelonious Monk kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani jamaa amekosea. Anagonga noti mahali hukuitarajia, ananyamaza pale ulipodhani ataendelea, kisha anarudi na noti mbili zinazogombana. Hakuwa anakosea. Ndivyo alivyotaka muziki wake usikike, na alikataa kuubadilisha hata mfuko ulipokauka kabisa.

Monk alizaliwa Oktoba 10, 1917 mjini Rocky Mount, jimbo la North Carolina, Marekani. Akiwa na miaka minne, mamake, Barbara, aliwachukua watoto wake watatu na kuhamia New York, mtaa wa San Juan Hill, ambako watu weusi wengi waliishi kwa kujikaza. Piano alianza akiwa mdogo. Alipata nafasi Stuyvesant, shule ya upili ya vichwa, lakini hakumaliza. Badala yake alizunguka nchi na mhubiri mmoja akimpigia nyimbo za injili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipata kazi Minton's Playhouse, klabu ya mtaa wa Harlem. Wanamuziki wakitoka kwa kazi zao za usiku walipitia hapo kupimana nguvu: kina Dizzy Gillespie na Charlie Parker. Hapo ndipo bebop ilipochipuka, jazi ya kasi na ya kufikirisha, si ya kudensi tu. Gillespie na Parker waliomoka mapema. Monk naye alingoja hadi 1947, akiwa na miaka 30, ndipo kampuni ya Blue Note ikamrekodi akiongoza bendi yake. Santuri zenyewe hazikuuzika sana.

Halafu mambo yakaharibika. Agosti 1951, polisi walimkuta ndani ya gari pamoja na rafikiye wa karibu, mpiga piano Bud Powell, na heroini ikapatikana. Walioandika maisha ya Monk wanasema mzigo huo haukuwa wake. Angefungua mdomo na kumtaja mwenye mali, pengine angerudi nyumbani. Alikataa. Akafungwa siku 60.

Jela haikuwa adhabu kubwa. Enzi hizo New York, mwanamuziki hangeweza kufanya kazi kwenye klabu inayouza pombe bila kadi maalum ya polisi. Monk alinyang'anywa yake. Kwa mtu wa jazi, ambaye riziki yake iko klabuni, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa duka.

Alisota hivyo miaka sita. Mkewe, Nellie, ndiye aliyefanya vibarua ili watoto wao wawili wale. Kejeli ni kwamba wimbo wake 'Round Midnight ulikuwa unapendwa kila mahali. Miles Davis alipoupiga kwenye tamasha la Newport mwaka 1955, nyota yake iling'aa upya. Aliyeutunga hakuruhusiwa kuupiga kwenye klabu za jiji lake mwenyewe.

Lakini studio hazikuhitaji kadi. Monk alitunga nyumbani na kurekodi alipoitwa. Mwaka 1956 alipeleka studio utungo wa Brilliant Corners, mgumu kiasi kwamba bendi ilijaribu takriban mara 25 bila kuumaliza. Ilibidi vipande viunganishwe ndipo wimbo ukamilike.

Kadi ilirudi 1957. Akaingia Five Spot, klabu ndogo ya Manhattan, na kijana aliyeitwa John Coltrane kwenye saksafoni. Watu walifurika kwa miezi. Mwaka uliofuata, polisi wa Delaware walimpiga safarini baada ya kusimama hotelini kuomba maji, na kadi ikaenda tena. Hakuyumba. Mwaka 1962 alisajiliwa na Columbia, na Februari 1964 picha yake ikawa kwenye jalada la jarida la Time. Dunia ikamjua: kofia za ajabu, na tabia ya kuinuka katikati ya wimbo akacheza densi kando ya piano.

Miaka ya 1970 afya ya akili ilimlemea, akaacha kupiga. Aliishi miaka yake ya mwisho kwa Pannonica de Koenigswarter, rafiki tajiri aliyempigania tangu siku za kukosa kadi. Alifariki Februari 17, 1982, akiwa na miaka 64. Tuzo ya heshima ya Pulitzer ilikuja 2006, kama ua juu ya kaburi.

Aliacha tungo takriban 70, na wapiga piano chipukizi bado wanazisomea. Ukitaka pa kuanzia, tafuta In Walked Bud. Aliurekodi 1947, miaka minne kabla ya usiku ule wa polisi, na Bud anayetajwa ni Powell, rafiki yule yule ambaye Monk hakumtaja.