Meli Ambayo Götzen Hakuiona

Wenzangu, nianze na kosa langu. Nilitumia miezi saba kutengeneza meli, nikaiandika jina la mtu kwa herufi nzuri kabisa, na sikujua huyo mtu ni nani.

Meli yenyewe mnaijua. Ni ile ya Kigoma, MV Liemba, ila mimi niliijenga kama ilivyokuwa mwaka 1915 ikiwa mpya, na mzinga wake mbele, ikiitwa Graf von Goetzen. Inaendeshwa kwa rimoti. Ya kweli ina urefu wa mita 71 na ushee na upana wa mita 10, kwa hiyo kwa kipimo cha moja kwa mia yangu imetoka sentimita 71 kwa 10. Inakaa juu ya meza ya hosteli bila mwenzako kulalamika sana.

Ugumu wa kazi hii si urefu, ni uzito. Ukigawa urefu kwa mia, uzito unajigawa kwa milioni, maana yake kila tani ya meli inabaki gramu moja tu. Nilipiga hesabu nikaona mota, betri, waya, gundi na rangi vyote viingie kwenye kilo moja na nusu hivi, la sivyo maji yanafika kwenye sitaha kabla sijagusa rimoti. Mkuku nilichonga kwa mgrevilea wa nyumbani. Mataruma ni plaiwudi nyembamba, na juu yake nikavalisha vipande vya karatasi ngumu nilivyolowesha gundi ya mbao mara tatu. Mota mbili, rimoti na sakiti ya kupokea mawimbi vilitoka kwenye magari mawili ya watoto ya mtumba niliyoyaokota pale Memorial. Fundi redio mmoja wa Mbuyuni akanilehemea waya kwa bei ya kindugu. Antena nikaipitisha ndani ya mlingoti, haionekani. Vichwa vya ribiti ni matone ya gundi niliyodondosha moja moja kwa ncha ya sindano, na hapo ndipo bumu na usingizi vilipoishia.

Mzinga nao. Mwaka 1915 Wajerumani waliifunga meli hii mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyonaswa delta ya Rufiji. Mtutu wake ulikuwa na mita nne na kidogo. Kwangu ni sentimita nne za mrija wa kalamu ya bic. Wiki mbili nzima kwa huo mrija.

Likizo ya Desemba nikapanda nayo nyumbani Old Moshi. Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa Songea, nauli ya kwenda na kurudi ilimshinda, nikamwambia twende kwetu ukale ndizi. Tulipofika kwenye nduwa, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya mfongo kabla ya kwenda mashambani, nikampa rimoti awe wa kwanza. Akaipokea. Halafu akainama akasoma maandishi kwenye tezi, pale nyuma ya meli, akairudisha rimoti mkononi mwangu. Akaniuliza kama namjua huyu Goetzen. Nikasema ni jina la meli. Akaniambia kwao, kila tarehe 27 Februari, wanawakumbuka wazee walionyongwa Songea mwaka 1906, wakati mtu huyo ni gavana. Nikaona aibu. Tukarudi nyumbani na meli kavu.

Basi nikaanza kumtafuta. Historia niliisoma hadi kidato cha sita, Kinjikitile Ngwale namjua, Matumbi naijua, kung'oa pamba najua. Ila aliyekuwa Ikulu ya Dar es Salaam wakati pamba inang'olewa hakubaki kichwani mwangu hata kwa jina.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa tarehe 12 Mei 1866 huko Silesia, sehemu ambayo leo ni Poland, katika kasri. Graf ni cheo cha ukabaila, hakukisotea, alizaliwa nacho. Akasoma sheria, akaingia jeshini kwenye askari wa farasi. Kijana wa namna hiyo, mwenye jina, pesa na muda, wakati Ulaya inagawana Afrika, hakuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Mwishoni mwa 1893 alitoka Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi na askari. Hawakuelekea Tabora kama misafara mingi, walipita kaskazini kwenye nyika za Wamasai, wakavuka Kagera pale Rusumo, ambapo leo malori yetu yanapanga foleni kuingia Rwanda. Alikuwa na miaka 27, kumbe si mkubwa kwa baadhi yetu hapa chuoni. Rwanda ilikuwa imeshahesabiwa kuwa ya Wajerumani kwenye karatasi za Ulaya, na mwenye nchi, Mwami Kigeri Rwabugiri, hakuwa na habari hiyo. Götzen akafika mbele yake katikati ya 1894, akapokewa, akaondoka. Akapanda volkano ya Nyiragongo, akafika Ziwa Kivu, kisha akaingia msitu wa Kongo na kuufuata mto hadi karibu na Bahari ya Atlantiki mwisho wa mwaka huo. Mwaka uliofuata kitabu chake cha safari kikatoka, naye akawa maarufu kwao. Wapagazi walioibeba safari hiyo kichwani kutoka bahari hadi bahari hawakuandika kitabu.

Mwaka 1896 akapelekwa Washington, ubalozini, kama mwanajeshi. Vita ya Marekani na Hispania ilipolipuka mwaka 1898 alikwenda Kuba kuitazama, na huko akajenga urafiki na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais. Hapa nichomekee kitu, kwa sababu kilinichekesha usiku wa manane. Mwaka huo huo wa 1898, New York, Nikola Tesla alionyesha watu chombo kidogo cha majini kikigeuka na kuwasha taa bila waya wowote, kwa mawimbi ya redio. Ndiye babu wa rimoti yangu. Sina ushahidi kwamba Götzen alikisikia, lakini wote wawili walikuwa wakisoma magazeti ya nchi moja.

Mwaka 1901 akateuliwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Babu yangu alipoona nasoma jina hilo, swali lake la kwanza lilikuwa kama ndiye aliyemnyonga Mangi Meli. Swali la haki, maana mti wenyewe hauko mbali na kwetu. Nikamjibu hapana. Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, Götzen akaja mwaka mmoja baadaye. Babu akaguna. Kwake hiyo tofauti ya mwaka mmoja haikumpunguzia mtu deni.

Kusema kweli, ukimsoma Götzen kama gavana unakutana na mtu wa mafaili. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 akiwa madarakani. Ni enzi yake pia ilipotolewa amri kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 azaliwe huru. Na katika mafaili hayo hayo likatoka shamba la pamba.

Sisi wa mlimani inabidi tulieleze hili taratibu, kwa sababu kwetu zao la biashara lina sura nyingine. Kahawa ilipoenea huku, kila mzee alipanda kwenye kihamba chake, chini ya migomba yake, na pesa ikaja nyumbani. Pamba ya Götzen haikuwa hivyo. Kuanzia mwaka 1902, pwani na kusini, kila jumbe aliwekewa shamba la pamoja, na watu wakalazimishwa kulilima siku zilizopangwa, 28 kwa mwaka, wakati mashamba yao ya chakula nayo yanadai jembe. Malipo yalikuwa kidogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea. Na mwaka 1905 ikaja kodi ya kichwa, rupia tatu.

Julai 1905, Nandete, wakang'oa ile pamba. Kinjikitile akanyongwa tarehe 4 Agosti, moto ukawa umeshatoka Matumbi na kuenea kusini. Gavana alikuwa na askari wachache kwa nchi iliyokuwa inawaka, akaomba msaada Berlin, na Kaiser akatuma manowari na askari wa majini. Vikosi vikaingia kusini. Halafu ikaja njia ambayo mwenzangu wa Songea aliijua kutoka kwa bibi yake kabla hajaijua darasani: maghala yakachomwa, mashamba yakachomwa, visima na mifugo vikachukuliwa, watu wakaachwa wapigane na njaa. Songea kwenyewe, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Kingoni wakanyongwa kwa makumi siku moja.

Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee wa kusini, alifika kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Nimeziandika namba hizi mara nyingi kwenye mitihani na kupewa vema. Kuziandika ukiwa umekaa sebule moja na mtu wa huko ni kitu kingine.

Götzen aliondoka mwaka 1906, afya ikiwa mbaya, vita haijazimika yote. Hakuna aliyemshtaki. Mwaka 1908 akawa mwakilishi wa Prussia katika mji wa Hamburg, mwaka 1909 akachapisha kitabu cha vita hivyo kwa upande wake, na Desemba 1910 akafariki huko Hamburg. Alikuwa na miaka 44.

Meli ikaja baada yake. Ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, ikafunguliwa ribiti kwa ribiti na kupakiwa kwenye makasha 5,000, ikaja Dar es Salaam, na kutoka hapo reli, ile ile iliyoanza enzi zake, ikaipeleka upande wa Kigoma. Anton Rüter na wenzake wawili wa Kijerumani, pamoja na vibarua wa Kiafrika wengi, wakaiunga upya na kuishusha majini Februari 1915. Mwenye jina alikuwa kaburini zaidi ya miaka minne. Hakuwahi kuigusa.

Jina lenyewe halikudumu. Julai 1916 Wajerumani wakiwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini mafundi wakazipaka injini grisi nene kwanza, kwa tumaini la kuja kuifufua. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliwahi kulikuta likitumika kwa upande wa kusini wa ziwa. Kwa jina hilo imebeba dagaa, mahindi, maharusi na maiti. Mei 2015 ilisomba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Siku mbili kabla ya Krismasi nikaishusha yangu kwenye nduwa, peke yangu, mwenzangu akiwa amekaa pembeni anatazama simu. Ilienda mita kama kumi, safi kabisa. Kisha ikapunguza mwendo, ikalalia kulia, ikazama omo kwanza. Maji yalikuwa yamepita kwenye vijibomba vya vyuma vya pangaboi. Nilivipaka mafuta ya kupikia badala ya grisi, na habari za Malagarasi nilikuwa nimezisoma jana yake! Aliyevua viatu na kuingia kwenye yale maji ya barafu hadi kifuani alikuwa mtu wa Songea. Akaitoa, akaimwaga maji, akanipa bila neno.

Jioni mbele ya mbege tukabishana jina. Mwenzangu alitaka lifutwe. Babu akakataa. Akamwita mjukuu wangu, akamwambia kwamba mti wa Meli haukukatwa, na kama ungekatwa vijana kama mimi tungepita pale tukidhani ni uwanja tu. Mwenzangu akamjibu kwa adabu kwamba mti ule unaitwa kwa jina la aliyenyongwa, si la aliyenyonga. Babu akanywa kwanza. Akasema hapo ana neno.

Tatizo langu mimi lilikuwa dogo na la kipuuzi, ila lilinisumbua. Mfano wa meli ni ahadi kwamba kila kitu juu yake ni cha siku moja. Ikiwa na mzinga ni Goetzen. Liemba haikuwa na mzinga. Siwezi kubadilisha jina na kuacha ule mtutu mbele.

Asubuhi nikachukua msasa. Herufi za tezi zilitoka kwa dakika tano. Mzinga nikaukata kwa wembe, nikaziba tundu, nikapaka rangi. Grisi nilinunua kwa fundi baiskeli. Tarehe 27 tukashuka tena nduwani sote watatu, na safari hii mwenzangu aliomba rimoti mwenyewe. Ni dereva mbaya sana. Aliipeleka moja kwa moja kwenye majani ya upande wa pili, ikabidi niende kuinasua mimi.